Baraza la Mzee Sulaiti

Hawah alipofika mbio uani kwa watu, alimkuta mumewe ameketi chini vumbini, mikono imefungwa kwa mpira wa baiskeli, damu inamchuruzika kutoka juu ya jicho. Kanzu yake ilikuwa imechanika begani. Watu walikuwa wamemzunguka, na kijana mmoja wa bodaboda alikuwa bado ameinua helmeti yake kama anayejiandaa kupiga tena.

"Wacha!" Hawah alipiga kelele kwa Kiswahili cha mtaani, akajipenyeza kati yao mpaka akasimama mbele ya mzee. "Huyu hapana mwizi! Huyu iko bwana yangu!"

Kelele zikapungua. Kijana wa bodaboda alishusha helmeti, lakini hakurudi nyuma.

"Kama si mwizi, nafanya nini jikoni ya mutu?"

 Mzee Sulaiti mwenyewe alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kuelezwa jambo. Asubuhi ile alikuwa ametoka nyumbani Hawah akiwa bafuni, akaingia katika jiko la mwanamke aitwaye Kiden, akavuta kigoda, akafunua sufuria ya maharage na kuanza kula kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Kiden alirudi kutoka bombani na dumu kichwani. Aliona mgongo wa mwanamume asiyemjua, akapiga ukelele, na mtaa mzima ukaja na fimbo.

"Yeye iko mgonjwa," Hawah alisema.  Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya watu. "Kichwa yake nasahau. Nasahau nyumba."

"Na nyumba yenu iko wapi?" aliuliza Kiden.

Hawah alinyoosha mkono. Geti lilionekana kutoka pale pale uani: geti la chuma, jekundu, na ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu yake.

"Pale?" Kiden alishangaa. "Mimi nafikiri pale iko stoo ya mali ya Oraba, ya mpakani!"

"Pale iko nyumba. Sisi nakaa pale tangu mvua ya mwaka jana."

Watu walitazamana. Mmoja alianza kuondoka, kisha wengine, wakijifuta mikono kwenye nguo kana kwamba walikuwa wakilima. Hakuna aliyesema pole. Kiden peke yake ndiye aliyepiga magoti na kuanza kuufungua ule mpira.

"Kama mimi nilikuwa najua yeye, mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilikuwa nampa sahani."

Hawah alimwongoza mumewe nyumbani katikati ya barabara ya mtaa. Ndala moja ilikuwa imepotea katika purukushani, kwa hiyo mzee alichechemea, mguu mmoja ndani ya ndala na mmoja mtupu. Mwanamke aliyekuwa akifagia alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi walipopita. Hawah aliona, akanyoosha shingo, akaendelea kutembea.


Mwanawe Hakim alikuja alasiri kutoka Oraba, ambako alikuwa wakala wa kutoa mizigo mpakani. Ndiye aliyejenga nyumba ile ya Koboko na kuwahamishia wazazi wake kutoka Arua, baba yake alipoanza kupotewa na kumbukumbu. Gari lilipiga honi, geti likafunguliwa, gari likaingia, geti likafungwa. Hivyo ndivyo Hakim alivyoingia na kutoka siku zote. Kwenye mtaa ule hakuwahi kukanyaga chini kwa mguu wake.

Alilitazama jicho la baba yake, akatoka tena na gari. Aliporudi alikuwa na kufuli jipya, zito kama jiwe la kusagia.

"Hatoki tena," alisema kwa Kinubi, lugha yao ya nyumbani. "Watu wa hapa ni washenzi."

"Si washenzi. Hawamjui."

"Ndiyo maana nilijenga ukuta, Mama."

"Na ndiyo maana hawamjui."

Hakim alikaa kwenye kiti, akajishika kichwa. Hakuwa mtoto mbaya. Kila alichokifanya alikifanya kwa kumpenda baba yake, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu wa kubishana naye.

"Unataka wamwone hivi alivyo?" aliuliza. "Mtu aliyeendesha lori mpaka Juba wakati barabara ina mabomu, leo anajikojolea na kuniita jina la marehemu kaka yake? Wamcheke?"

 Dirishani Hawah alimwona Sulaiti amesimama mbele ya geti, anapigapiga bati la chuma kwa kiganja, polepole, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo wenyewe wamechelewa kuamka. Akaikumbuka nyumba yao ya Arua, ambayo mlango wake ulifungukia barabarani. Sulaiti alikuwa na kiti chake hapo mlangoni. Alipoanza kupotea njia, mafundi cherehani wa ng'ambo ya barabara walikuwa wakimshika bega na kumgeuza: "Mzee, nyumba iko huku." Wala hawakusimamisha kazi. Hawah hakuwahi kuuita huo msaada. Aliuona kama hewa tu.


Hakim aliporudi kazini, Hawah alimnyoa mumewe ndevu, akamvisha kanzu aliyoishona upya begani, akalifungua lile kufuli. Alitoa viti viwili nje, akaviweka mbele ya geti kando ya barabara, akamkalisha Sulaiti kimoja na yeye akakalia kingine.

"Tunamngoja nani?" mzee aliuliza.

"Watu."

"Wanatoka wapi?"

"Hapa hapa."

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kumeza. Wasichana wa shule walipita wameziba midomo, wakacheka walipofika mbali. Mwanamume mmoja aliuliza kama wamefukuzwa ndani na mwenye nyumba. Mwanamke aliyevaa nguo za kanisani alipunguza mwendo, akaliona jicho la Sulaiti lililovimba, akamwekea sarafu mapajani na kuendelea na safari. Hawah aliiokota ile sarafu, akamfuata mbio, akamrudishia mkononi.

"Asante, lakini sisi hapana omba. Sisi nakaa tu. Mimi jina yangu Hawah. Wewe naitwa nani?"

Mwanamke alibabaika, akasema anaitwa Harriet, anauza nyanya karibu na msikiti. Kesho yake Harriet alipopita alisalimia kwa jina. Hawah alirudi kitini amejaa furaha kama aliyeshinda kesi.

Lakini aliyekuwa akimsubiri hasa ni yule kijana wa bodaboda. Kila siku alipita mara kadhaa, na kila mara alipokaribia geti aligeuza uso upande wa pili na kuongeza mafuta. Hatimaye Hawah alisimama katikati ya barabara. Kijana alifunga breki, vumbi likawafunika wote wawili.

"Wewe naitwa nani?"

"Yengi."

"Zima pikipiki. Kuja."

Yengi alizima. Alikuja ameinamisha kichwa, akaanza kusema maneno ya haraka: kwamba watu walipiga kelele ya mwizi, kwamba wiki ile pikipiki ya rafiki yake iliibwa, kwamba yeye hakujua.

"Mimi hapana taka hiyo maneno," Hawah alisema. "Angalia yeye. Angalia uso vizuri."

Kijana aliinua macho. Sulaiti alimtazama pia, akatabasamu.

"Mpaka iko wazi?" mzee alimuuliza. Hilo ndilo swali alilomuuliza kila aliyepita, kwa kuwa ndani ya kichwa chake bado kulikuwa na lori lililopakiwa, linangoja kuvuka mpaka wa Kaya kwenda Juba.

Yengi alimtazama Hawah. Hawah alimwachia ajibu mwenyewe.

"Leo... leo iko foleni, Mzee," Yengi alisema. "Lori mingi."

"Foleni," Sulaiti alikubali, akatikisa kichwa kama dereva anayezungumza na dereva. "Basi kaa kwanza."

Yengi akachuchumaa pale pale kwenye vumbi. Alikaa kidogo tu, kwa sababu alikuwa na abiria anamngoja. Lakini tangu siku hiyo hakugeuza uso tena. Alipiga honi, akanyanyua mkono, akapaza sauti: "Bado foleni, Mzee!"


Kiden alikuja na ungo wa mboga. Alisema kwake kuna moshi, hapa kuna hewa, kwa hiyo achambulie mboga hapa. Hawah hakumuuliza zaidi. Walichambua pamoja, na Sulaiti naye akapewa fungu lake. Alitupa majani na kuhifadhi vijiti, na Kiden akavikusanya vijiti vyote kwa upole, akamshukuru.

Tatizo lilikuwa jua. Ikifika saa sita pale nje palikuwa kama kaango. Siku moja Kiden aliingia ndani ya geti kuomba maji ya kunywa, na kwa mara ya kwanza akaiona nyumba. Ilikuwa na baraza pana, lenye nguzo nne na sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na bati lililotoa kivuli kutwa nzima.

Alisimama na kikombe mkononi, akaanza kucheka.

"Mama, hii baraza naangalia nini? Naangalia ukuta tu!"

Hawah aliliangalia baraza lake kama anayeliona siku hiyo. Ilikuwa kweli. Mtu akikaa pale, macho yake yaligota kwenye matofali.

Alimwita Alionzi, fundi wa kujenga aliyetoka Adumi na kupanga vyumba viwili mwisho wa mtaa. Alionzi aliugonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza.

"Mwenye nyumba naruhusu?"

"Mimi nasema vunja. Wacha tofali chache chini, ya watu kukalia."

"Mama, mimi naogopa mutoto yako."

"Mimi mwenyewe hapana ogopa yeye. Mimi nalizaa yeye."

Alionzi alianza na vile vipande vya chupa. Alivitoa kwa patasi kimoja kimoja, na vilipojaa gunia akapiga nyundo ya kwanza. Sauti iliwatoa watu majumbani. Waliposikia Mama Hakim anavunja ukuta wa tajiri, wengine walikuja kutazama, na kwa kuwa wameshafika, mikono yao ikapewa matofali ya kubeba. Yengi alibeba. Harriet alibeba na shanga zake za kanisani shingoni. Ilipofika jioni ukuta ulikuwa umebaki kimo cha goti, na nyuma yake lile baraza lilikuwa limetokeza, likitazama mtaa mzima uso kwa uso.


Hakim alisimamisha gari barabarani. Hakupiga honi, maana geti lilikuwa limesimama peke yake na nguzo zake mbili, na kila upande kulikuwa kweupe.

"Nani kavunja ukuta wangu?"

"Mimi," alisema Hawah.

Barazani walikuwepo Kiden na wanawake wengine wawili. Walikusanya nyungo zao na kuondoka kimyakimya. Hakim hakuwasalimia, naye Hawah aliona aibu kubwa kuliko kama angetukanwa yeye.

"Nimehangaika miaka kujenga hii nyumba. Wenzangu Oraba wananiheshimu kwa hii nyumba. Nitawaambia nini? Kwamba mama yangu anakaa nje na wachuuzi, na baba yangu wamemfanya sinema?"

"Waambie ukweli."

"Na siku wakiingia wezi?"

"Wezi gani wataingia nyumba inayotazamwa na mtaa mzima?" Hawah alisogea karibu naye, akashusha sauti. "Sikiliza, Hakim. Mimi si mwenye nguvu tena. Siwezi kumlinda peke yangu. Ataamka siku moja nikiwa nimelala, atatoka, kwa sababu kufuli husahauliwa na funguo hupotea. Siku hiyo unataka akutane na watu wanaomjua au wasiomjua?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

 Hakim aliuangalia ukuta wake uliokuwa umelala katika rundo la matofali.

"Ukuta ni wako, mwanangu," Hawah alisema. "Mume ni wangu."

Hakim aliondoka bila kula. Hawah aliosha vyombo safi ambavyo havikutumika, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga. Kisha alitoka barazani, maana Sulaiti alikuwa akimwita.

Baada ya hapo baraza lilijiendesha lenyewe. Wanawake walichambua mboga na kusukana nywele. Alionzi alipata kazi mbili kutoka kwa watu aliokutana nao pale. Mtaro uliokuwa ukimwaga maji machafu mbele ya nyumba ya Harriet, ambao kila mtu alikuwa amengoja mwingine aushughulikie, ulijadiliwa barazani, na vijana wakauchimba kwa siku moja. Watu waliokuwa wakipishana kama wageni waligundua kwamba wana ndugu wa kijiji kimoja. Na katikati ya yote alikaa Mzee Sulaiti, amenyolewa, kanzu safi, akiuliza kama mpaka uko wazi. Mtaa mzima ulijua kujibu. Hata watoto wadogo, wakimiminiwa chai vikombeni, walimwambia: "Bado foleni, Mzee."

Hakim alituma mahitaji ya nyumbani kila mwezi, kupitia kwa dereva. Mwenyewe hakuja.


Malaria ilimkamata Hawah siku ya soko. Alimeza dawa, akajilaza chumbani kwa muda mfupi, akipanga kuamka Kiden akirudi kutoka sokoni. Alipoamka nyumba ilikuwa kimya. Alitoka barazani ameshikilia ukuta. Kiti cha Sulaiti kilikuwa kitupu.

 Aliona tena ule mpira wa baiskeli, aliiona ile damu. Soko lilikuwa limejaa watu kutoka kila upande, malori yalikuwa yakipita barabara kuu kwenda Oraba bila kupunguza mwendo. Alimpigia Hakim simu kwanza, akamwambia maneno matatu tu: baba yako hayupo. Kisha alisimama kwenye ule ukuta mfupi, akajaza kifua, akaita kwa nguvu zote zilizobaki.

"Sulaiti iko wapi?"

Mlango wa kwanza ulifunguka. Fundi wa redio alitoka. "Napita hapa, mama! Mimi nasalimia yeye, mimi nafikiri nakwenda msikitini." Msichana aliyebeba mdogo wake akasema hapana, msikitini hakuingia, amempita Harriet. Mtu akampigia Harriet. Harriet alikuwa amempa maji ya kunywa na kumwambia arudi nyumbani. Alimwona akikata kona kuelekea barabara kuu, na kwa kuwa hakuweza kuacha nyanya zake, alikuwa tayari amempigia Yengi.

"Yengi iko nyuma yake, mama," sauti ya Harriet ilisema ndani ya simu ya jirani. "Kaa chini. Wewe iko na homa. Kaa."

Hawah hakukaa. Alisimama ameshikiliwa na msichana yule mpaka alipowaona.

Yengi alikuwa amemkuta nje ya mji, anatembea katikati ya malori kwa hatua za haraka, akitafuta lori lake. Mzee alikataa kupanda pikipiki. Alisema dereva hapakiwi na mtu. Kwa hiyo Yengi alizima injini, akaishika pikipiki kwa usukani na kuisukuma, akitembea upande wa barabara ili mzee awe upande wa majani. Njia nzima hivyo, katika jua. Abiria wawili walimsimamisha, akawakataa. Na walipoingia mtaani, watu waliokuwa wamesimama milangoni walimsalimia Sulaiti kwa jina lake, nyumba baada ya nyumba, na yeye akawarudishia salamu kwa mkono ulioinuliwa, kama mtu mkubwa anayerudi safari njema.

Alipomfikia Hawah alimtazama kwa mshangao.

"Kwa nini unalia? Nimechelewa?"

"Hujachelewa," alisema Hawah. "Kaa unywe chai."


Hakim alifika vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliliacha gari katikati ya barabara na mlango wazi, akaja mbio, akasimama ghafla mbele ya baraza.

Lilikuwa limejaa. Kiden alikuwa akigawa chai. Alionzi alikuwa juu ya ukuta mfupi na wanaume wengine wawili. Harriet alikuwa ameleta nyanya zilizobaki. Yengi alikuwa amelala chali kwenye saruji ya baridi, shati limemganda mwilini kwa jasho. Na baba yake alikuwa kitini, mzima, anapuliza kikombe.

Mwanamume mmoja aliyekaa ukutani alimpima Hakim kwa macho, kutoka viatu mpaka kichwa.

"Wewe natafuta nani?"

Hakim alifungua kinywa. Alimtazama mama yake, na Hawah, aliyekuwa amejifunika shuka mlangoni, angeweza kumjibia. Hakumjibia. Alijivuta tu shuka vizuri mabegani.

Hakim alivua viatu. Alipanda barazani, akawapa mkono watu wote mmoja mmoja, kuanzia aliye karibu, na alipomfikia Yengi alichuchumaa, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili na kukawia kuuachia. Mwisho akafika mbele ya kiti.

Mzee Sulaiti alimwangalia kwa muda. Ule uso aliutafuta ndani ya kichwa chake, akaukosa.

"Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Sulaiti," alisema Hakim.

"Aa, Sulaiti!" Uso wa mzee ulichangamka. Akajisogeza, akapigapiga nafasi kwenye saruji kando ya miguu yake. "Sulaiti namjua. Watu wote hapa wanamjua. Kaa."